Mkono Uliozoea Snuka

Palikuwa na mzee mmoja, mstaafu wa reli, aliyeugawa moyo wake kati ya mkewe na michezo ya kupiga mipira mezani kwa fimbo. Mkewe mwenyewe anasema mgawanyo ule haukuwa wa haki.

Mtaani kwake palikuwa na meza ya pool, na mzee hakukosa jioni hata moja. Hachezi. Anakaa kwenye benchi, analinganisha.

“Biliadi,” anasema, “ni mipira mitatu, na meza haina shimo hata moja. Huo ni mchezo wa watu wenye subira. Snuka, niliyoicheza miaka thelathini klabu ya reli, meza yake pana kama uwanja. Unatumbukiza nyekundu, unatumbukiza nyeusi, pointi saba, nyeusi inarudishwa, unaendelea kula. Na hii pool yenu? Nyeusi ni ya mwisho. Ukiitumbukiza kabla ya kumaliza mipira yako, umeshindwa. Mchezo mzuri tu, kwa watu wenye haraka zao.”

Kinyozi, mdogo wa mkewe na nahodha wa timu ya mtaa, humwambia, “Shemeji, shika basi fimbo, hata mara moja.”

“Mwalimu wa kuogelea halazimiki kulowa, shemeji.”

Sasa, meza ile ilikuwa ya mitaa miwili, na mwaka ule wakakubaliana: washindane, na mtaa utakaoshinda, meza iwe yake moja kwa moja. Wakafika mchezo wa mwisho wakiwa sare, na mchezaji wa mtaa wa mzee akashikwa na tumbo. Mtaa mzima ukageukia benchi.

Mzee akasimama, akapaka fimbo chaki. Mpira wa kwanza ndani. Wa pili ndani. Wa tatu ndani. Watu wanaimba, moyo unamwenda mbio, na pale akaiona nyeusi imekaa mdomoni mwa shimo. Akapiga. Pigo safi, halina kasoro. Akainua fimbo juu, akawageukia watu wake na kutamka, “Saba.”

Mezani mipira yake minne bado inamtazama.

“Shemeji,” kinyozi akasema taratibu, “sheria hii si wewe unayetufundisha kila siku?”

“Ni mimi.”

“Sasa?”

Mzee akauangalia mkono wake kama mgeni asiyealikwa. “Mimi nilijua, shemeji. Huu ndio haukuambiwa.”

Wakabeba meza, ikavuka barabara.

Mnacheka, ndugu zangu. Haya, nani humu hajui sheria ya kusamehe? Sisi ni mabingwa wa benchi: kwaya hii inashinda ile, mhubiri yule anasinzisha. Kwa mdomo tunajua yote. Lakini siku jirani amemwaga maji machafu mlangoni pako, nani humjibu? Si mdomo uliosoma. Ni mkono uliozoea. Yule mzee hakukosa elimu. Alikosa jioni chache za kushindwa mbele ya watu wanaompenda.

Basi ibada ikiisha, usije kunisalimia mimi kwanza. Yupo mtu humu unayemkwepa, na unajua amekaa benchi gani. Mpe mkono. Utatetemeka, ni sawa, ndiyo mara ya kwanza. Mimi nitasimama pale mlangoni, na nikikaa peke yangu mpaka saa saba mchana, nitarudi nyumbani nikimshukuru Mungu.