Wachumba Watatu na Santuri ya Mwamvua

Hapo zamani, wala si zamani ile ya sungura na fisi, bali zamani ya juzijuzi tu, watu walipokuwa wamekwisha kusahau kwamba muziki ulikuwa na pande mbili na ukitaka upande wa pili sharti unyanyuke kitini ukaugeuze, palikuwa na mjane mjini Tabora, mtaa wa Isevya. Jina lake Bi Zuwena. Kazi yake kukodisha viti na masufuria ya shughuli. Harusi haikuchezwa Isevya bila viti vyake, wala matanga hayakuanuliwa bila masufuria yake. Na mjane mwenye viti hakosi watu wa kuja kuvikalia.

Walikuja watatu. Wote wenye mvi, wote wajane, wote wana ugonjwa mmoja: santuri.

Wa kwanza alikuwa Mzee Mlela, gadi wa treni mstaafu. Wenzake wakishuka stesheni kununua kuku na asali, yeye alishuka kuuliza nani ana santuri. Nyumbani kwake santuri zililala chumbani, zimesimamishwa wima kama vitabu, madirisha yamefungwa zisipate joto. Yeye alilala sebuleni kwenye mkeka.

Wa pili alikuwa Fundi Lusangija, fundi redio. Huyu hakujali sana santuri. Yeye alipenda mashine za kuzipigia. Alizifungua, akazifunga, akazifungua tena. Ukimpelekea kitu akutengenezee, ulikiaga kama unavyomuaga mtu anayekwenda kuhiji.

Wa tatu alikuwa Mzee Kitundu. Huyu aliwahi kuwa na santuri nyingi kuliko wote, kisha paa likavuja, zile zilizookoka maji zikapindwa na jua alipozianika. Akabaki na majalada matupu. Lakini hakulalamika. Alichukua jalada, akaliweka mapajani, akalitazama, akaimba wimbo mzima mwanzo hadi mwisho, tarumbeta kwa mdomo, ngoma kwa goti, hata zile kelele za vumbi alizitoa. Kisha aligeuza jalada, akaimba upande wa pili.

Kila Jumapili alasiri watatu hao walikaa kibarazani kwa Bi Zuwena wakibishana. Bendi gani ilikuwa bendi, na bendi gani ilikuwa kelele. Na kila Jumapili, kabla ya kuondoka, mmoja wao alibaki nyuma kidogo kama aliyesahau kofia, akamposa. Bi Zuwena alikataa. Jumapili iliyofuata akaposa mwingine. Bi Zuwena akakataa. Hakuwafukuza, kwa sababu mabishano yao yalimfurahisha, na nyumba isiyo na mabishano humtisha mjane. Lakini alichoka kukataa.

Siku moja wakaposa wote watatu kwa pamoja, kila mmoja akidhani wenzake wameshaondoka. Bi Zuwena akawatazama, akaona awape kazi itakayowachosha mpaka kaburini.

"Mnaikumbuka Masega Jazz?" akauliza.

Wakakasirika kuulizwa. Nani asiyeikumbuka Masega Jazz?

"Basi mwajua kuwa dada yangu Mwamvua aliimba nao wimbo mmoja. Mmoja tu. Ukatoka kwenye santuri, na santuri zenyewe zikaja chache, zikaisha. Mwamvua akafa kwa homa mwaka uliofuata. Atakayenifanya niisikie tena sauti ya Mwamvua, huyo nitamkubali. Asiyeweza, anywe chai yake aende zake."

Aliyasema kwa utani, lakini alipoingia ndani machozi yalimlenga. Kwa maana utani ule ulikuwa na mwiba. Alikumbuka sura ya Mwamvua. Alikumbuka mafuta aliyopaka nywele, alikumbuka hata namna alivyofunga kanga. Sauti ndiyo ilikuwa imemtoka. Alijaribu kuikumbuka akiwa anahesabu viti, akajaribu akiwa anasugua masufuria, na kila mara alijisikia mwenyewe tu. Siku ile ya kurekodi alikuwapo, msichana, amekaa pembeni amekatazwa hata kukohoa. Mwamvua alipofika ubeti wa pili, ule wa kijiko, alimkonyeza na kumwonyesha kwa kidevu mpiga tarumbeta, ambaye asubuhi ile alikula kwao akaondoka na kijiko cha mama yao mfukoni. Zuwena akashindwa kujizuia, akacheka. Mwenye studio akasema wimbo hautarudiwa, kicheko kibaki. Kikabaki. Kwa hiyo kwenye santuri ile walikuwamo wote wawili, mmoja anaimba na mwingine anacheka.

Sasa, wenzangu, tumwangalie Mzee Mlela. Kibarazani pale alinyamaza. Mlela asiyenyamaza hata msibani.

Jumapili iliyofuata alikuja na kitu kimefungwa kwenye taulo. Akakifungua. Bi Zuwena akaona karatasi ya katikati, imechujuka, akasoma: Masega Jazz.

"Umeipata wapi?"

"Urambo. Mama mmoja alikuwa ameifunikia mtungi wa maji. Nikamnunulia mfuniko mwingine."

"Lini?"

Mlela akakohoa. "Wakati ule nilipohamishiwa njia ya Mpanda."

Bi Zuwena akarudi nyuma kwa mawazo. Wakati huo mumewe alikuwa hai. Wakati huo kitinda mimba wake, ambaye sasa ana watoto, alikuwa hajaanza shule.

"Miaka yote hii unakunywa chai yangu, na dada yangu yuko chumbani kwako?"

"Ningekuletea, ungeichukua," akasema Mlela. Hakujitetea zaidi. "Nilikuwa naipiga kila Ijumaa baada ya swala. Nasikiliza mpaka pale unapocheka. Tangu mashine yangu ife, naiosha tu kwa sabuni na kuitazama."

Bi Zuwena hakujua amshukuru au amvunjie kiti. Alitaka vyote viwili. Akaishika santuri kwa ncha za vidole, akasema, "Nani ana mashine?"

Mwenye mashine alikuwa mmoja tu, na alikuwa amekaa pale pale amekunja mikono.

"Yaani Mlela aoe kwa mashine yangu?" akasema Fundi Lusangija. "Mwambieni aiweke masikioni aizungushe kwa kidole."

"Fundi," akasema Bi Zuwena, "nimesema atakayenifanya nisikie. Sikusema mwenye santuri."

Lusangija akalipima neno hilo, akaona lina mlango. Akaenda kwake, akarudi ameibeba gramafoni kichwani. Lakini akatoa tahadhari. Sindano anayo moja, ya mwisho, aliyoitunza kwenye chupa ya dawa ili siku moja asikilize santuri aliyopigiwa siku ya arusi yake. Sindano hiyo ikifa, hakuna nyingine mjini, na santuri ya arusi yake haitalia tena. Akaitazama, akaifunga kwenye mkono wa mashine.

Habari ilikwisha kuenea. Watu walijaa, na viti, kama mnavyojua, havikuwa tatizo. Mzee Kitundu naye akaja, amechelewa, na jalada kwapani.

"Huyu naye ameleta ganda," akasema Lusangija.

Kitundu akaliweka jalada mezani. Picha ya sega la asali, na chini yake: Masega Jazz. Akachukua santuri mikononi mwa Bi Zuwena, akaitumbukiza ndani ya jalada. Ikaingia kama mguu kwenye kiatu chake.

Mlela akabadilika rangi. "Jalada hili umelitoa wapi?"

"Langu. Na santuri yangu. Niliiazimisha harusini Urambo, haikurudi. Mkiigeuza upande wa Mwamvua mtaona mkwaruzo. Niliupata mimi mwenyewe, nikicheza peke yangu nyumbani, nikagonga meza."

Wakageuza. Mkwaruzo ulikuwapo.

Bi Zuwena akasema, "Ya mali mtayazungumza baadaye. Fundi, weka."

Lusangija akaweka. Ikazunguka. Kwanza likaja vumbi, kisha gitaa, kisha tarumbeta ya yule mwizi wa kijiko. Kisha Mwamvua akaingia:

*Mgeni kainywa chai, kaniaga kwa heshima,*
*Kutazama kabatini, kikombe kimeshahama.*

Bi Zuwena alikuwa amesimama, akakaa. Sauti ilikuwa nyembamba kuliko alivyodhani, ina mkwaruzo kidogo kooni, sauti ya msichana. Yeye sasa alikuwa bibi, na dada yake mkubwa alikuwa mdogo kuliko wajukuu wake. Aliinamisha kichwa kama mtu anayeitwa kutoka mbali na hataki kukosea upande.

Ubeti wa kwanza ukaisha. Watu wakarudia kiitikio. Na hapo sindano ikanasa kwenye mkwaruzo, ule ambao mashine ya Mlela ilikuwa ikiuvuka. *Kikombe, kikombe, kikombe, kikombe.* Watoto wakaanza kucheka. Lusangija akausukuma mkono wa mashine kwa kidole, taratibu kabisa, na sindano ikaruka. Ikaruka ubeti wa pili wote, ikatua kwenye tarumbeta ya mwisho. Akajaribu kuirudisha. Ikalia tik. Sindano imekatika.

Ubeti wa kijiko umepita bila kusikika, na kicheko pamoja nao.

Ndipo Mzee Kitundu alipovuta jalada lake, akaliweka mapajani, akalitazama, akaimba. Hakuimba kwa sauti yake. Aliimba kwa sauti nyembamba yenye mkwaruzo kidogo kooni:

*Sikiulizi kikombe, kikombe nitanunua,*

hapo akavuta pumzi, pale pale Mwamvua alipovuta, kwenye ile nafasi ya kukonyeza,

*Kijiko umekiacha, rudi uje kuchukua.*

Na Bi Zuwena akacheka. Hakukusudia. Kilimtoka kicheko kile kile cha studio, kimezeeka kidogo tu, mahali pake hasa. Kitundu akaendelea na tarumbeta kwa mdomo kana kwamba hakuna lililotokea. Watu wazima pale walifuta macho wakijifanya ni jasho.

Basi, wimbo ulipokwisha, vita vikaanza.

Mzee Mlela akasimama kwanza. "Ahadi ilisema sauti ya Mwamvua. Sauti ya Mwamvua ni ile ya ubeti wa kwanza, na ilitoka kwenye santuri niliyoitoa juu ya mtungi. Nimeilea kuliko nilivyojilea. Nimelala chini ili yenyewe ilale wima. Bila mimi, leo mngekuwa mnachota maji Urambo mkimfunua Mwamvua na kumfunika."

"Ulimficha," akasema Bi Zuwena.

"Nilimficha. Lakini alikuwapo wa kufichwa."

Fundi Lusangija akasimama. "Santuri bila mashine ni sahani isiyo na wali. Mlela amekaa nayo, amesikia nini? Sabuni. Mimi ndiye niliyeifungua kinywa. Na nimetoa sindano yangu ya mwisho. Wimbo wa arusi yangu nimeuzika leo mbele yenu, na sikuulizwa na mtu."

Bi Zuwena alikuwa ameinama, anaichungulia mashine. "Fundi, huu mkanda unaozungusha naufahamu. Si wa cherehani yangu niliyokuletea?"

Lusangija akatazama paa. "Ulikuwa unakaa bure."

"Ulikuwa unakaa bure kwa sababu uko kwako."

"Basi ungekuwa kwako, leo tungesikia nini?"

Watu wakacheka.

Mzee Kitundu hakusimama. "Mimi sina mengi. Santuri ni yangu, lakini ichukueni. Mashine sina. Nina kitu kimoja: niliusikiliza wimbo ule mpaka ukahamia kwangu. Paa langu lilipovuja, haukulowa. Bi Zuwena, mashine ilipoimba ulilia. Mimi nilipoimba ulicheka. Pima mwenyewe."

"Na nani aliyeharibu ubeti huo hata tukakuhitaji?" akauliza Mlela.

"Mimi," akasema Kitundu. "Nilikuwa nacheza. Wewe ulicheza lini?"

"Ile haikuwa sauti ya Mwamvua," akasema Lusangija. "Ilikuwa sauti ya mzee mwenye jalada."

"Pengine," akasema Kitundu. "Muulize aliyecheka."

Wote wakamgeukia Bi Zuwena. Naye, kwa mara ya kwanza tangu atoke eda, alijikuta hana haraka ya kukataa. Sauti ya dada yake alikuwa nayo sasa, imekaa sikioni, na alijua haitatoka tena. Ila hakuweza kusema nani ameiweka pale. Alipoifuata sauti ile nyuma alimkuta Mlela amelala mkekani. Alipoifuata tena alimkuta Lusangija na chupa yake ya dawa. Alipoifuata mara ya tatu alimkuta Kitundu anavuta pumzi.

Akasema, "Ahadi ni deni, nami sitaikimbia. Lakini nitafikiri. Hadi hapo santuri itakaa kwangu, mashine itakaa kwangu, jalada litakaa kwangu. Na viti hivi vinatakiwa mtaa wa Cheyo kabla ya magharibi."

Wazee watatu wakabeba viti. Jumapili iliyofuata wakabeba tena. Wanabeba hadi leo, na Bi Zuwena bado anafikiri, na kuna wenye husuda wanaosema kuwa mwanamke mwenye wabebaji watatu wa bure hana sababu ya kufikiri upesi.

Lakini ahadi imo shingoni mwake, na wazee hawaongezeki ujana. Nami nimebeba hadithi hii peke yangu hadi hapa. Kilichobaki ni chenu. Aliyeiokoa sauti akaificha, aliyeifungua kinywa akaivunja, na aliyeiharibu akaimba pale ilipopotea. Je, nani alistahili kuitwa mume wa Bi Zuwena?