Vikuba Vilivyorudishwa Mlangoni kwa Raya

Katika mji wa Gharbia, enzi ya Sultani Ghalibu, alikuwapo mwimbaji, Raya binti Makame, aliyependwa hata wagonjwa wakabebwa vitandani mwao kwenda kumsikiliza. Kila alipomaliza kuimba huwatupia watu vikuba, vishada vidogo vya asumini, nao huvihifadhi masandukuni. Na aliyemchoka mwimbaji, ada ilikuwa akirudishe kikuba mlangoni kwake.

Siku ya Idi, Sultani akanena barazani, "Nimeazimu kuwafungia visima watu wa bondeni, maana si wenzetu. Raya, liimbie shauri langu."

Raya akainama. "Seyyid yangu, unisamehe. Sijapata kuona mtoto mwenye hatia ya kuwa na kiu. Wimbo huo siuwezi."

Umati ukatawanyika, na asubuhi yake Raya akakuta vikuba vikavu vimejaa kizingitini, na aliyekuwa akiweka chake ni Bi Kashore, mjane aliyempa bintiye jina la Raya kwa mapenzi.

"Hata wewe, mama?"

"Mwanangu, ulipokuwa ukiimba nilijisikia mimi mwenyewe. Jana nimemsikia mtu nisiyemjua. Mbona hukunyamaza tu, tukaendelea kupendana?"

Raya akaingia ndani akalia, maana matusi ya mji mzima angeyavumilia, si macho ya mama yule. Akaisugua pete ya marehemu babake, akatokea jini Dahmani, aliyefungwa humo hata atimize ombi moja tu.

"Bibi yangu, niamuru niwasahaulishe neno lako, wakupende kama zamani."

"Na visima?"

"Hayo ni ya Sultani. Ombi ni moja."

Wallahi alitamani kukubali, na midomo ilikwisha kufunguka. Kisha akasema, "Wapasulie watu wa bondeni chemchemi."

Maji yakabubujika, na Raya akahamia huko, akaolewa na mfuga ngamia mwema, wakaruzukiwa mali na watoto. Wahenga walisema wema hauozi, nami siwapingi; ila hawakusema kwamba utalipwa na yule uliyetaka akulipe.

Miaka ikapita, na Raya akapita mjini amejitanda ushungi, akamsikia Bi Kashore akimbembeleza mjukuu kwa wimbo aliouimba Raya zamani.

"Wimbo wa nani huu, bibi?" mtoto akauliza.

"Wa zamani, mjukuu wangu. Mwenyewe alikufa."

Raya akasimama nje ya dirisha hata mtoto akalala, kisha akashika njia ya bondeni.