Nyumbu wa Hosea Pruitt

"Ngano iliyoiva haingoji suluhu." Vijana wa Shiloa walilisikia neno hilo kwa mzee wa kanisa, siku walipokuwa wakibishana ni ngano ya nani ipurwe kwanza. Hawakulielewa, wakaenda kumuuliza Bibi Kezia limetoka wapi. Walimkuta akimenya viazi, na hakuacha kumenya. Aliwaambia wakae chini, maana neno hilo lilitoka kinywani mwa baba yake mzazi, Hosea Pruitt, na chanzo chake kilikuwa hiki.

Ilikuwa yapata miaka ishirini tangu utumwa ukomeshwe Marekani. Hosea Pruitt na mkewe Arminta walikuwa wamehama Tennessee pamoja na familia nyingine za watu weusi, wakaja Shiloa, huko Kansas, kutafuta ardhi yao wenyewe. Waliikuta nchi tambarare isiyo na miti, upepo usiolala, na nyasi zenye mizizi migumu kama kamba. Wakakata mabonge ya udongo na nyasi zake, wakajengea nyumba. Wakalima ngano.

Jirani yao wa karibu alikuwa Mahala Tolliver, mjane mwenye binti wawili. Mwaka wa pili Mahala aliazima nyumbu wa Hosea ili alimie. Nyumbu huyo, aliyezaliwa na punda na farasi, ndiye mnyama pekee aliyekuwa naye Hosea, naye alimpenda kuliko alivyokiri. Alirudishwa akichechemea. Hosea akasema Mahala amemtumikisha kupita kiasi. Mahala akajibu kwamba nyumbu alitoka kwa Hosea akiwa kilema tayari, na kwamba mwenye mali mbovu asiwasingizie watu. Kuanzia siku hiyo hawakusalimiana. Kanisani, Hosea akikaa upande wa dirisha, Mahala hukaa upande wa mlango. Hali ikaendelea hivyo miaka mitatu. Mguu wa nyumbu ulipona, mdomo wa Hosea haukufunguka.

Mwaka wa tano ngano ilikubali kuliko miaka yote. Wiki ya mavuno ilipowadia, Mahala alipanda kuziba paa lililokuwa likivuja, akateleza, akavunjika mkono wa kulia. Binti zake walijua kufunga miganda, lakini ule mundu mrefu wa kushikwa kwa mikono miwili ulikuwa mzito kwao. Majirani wote walikuwa mashambani mwao, kila mtu akikimbizana na yake. Habari zikaenea kwamba Mahala amesema mavuno yakipotea hatakuwa na chakula cha majira ya baridi, na itambidi arudi Tennessee kufanya kazi kwa watu waliokuwa wakimmiliki.

Hosea alikuwa ameshamaliza kuvuna. Jioni alisimama mpakani akitazama ng'ambo. Ngano ya Mahala ilikuwa imepauka, na upepo ulipopita aliona masuke yakiinama na punje zikidondoka. Alikumbuka kwamba nusu ya maisha yake alivuna ngano isiyo yake, apende asipende, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama amegombana na mwenye shamba. Leo palikuwa na ngano ya mtu huru, nayo inamwagika chini. Alirudi nyumbani. Arminta alimtazama mara moja tu, kisha akaenda kumtafutia jiwe la kunolea.

Kulipopambazuka, Hosea alimfunga nyumbu kwenye mkokoteni, akachukua mundu wake, akavuka mpaka. Mahala alitoka mlangoni, mkono ukiwa umening'inizwa shingoni kwa kitambaa.

"Ndugu Pruitt," alisema, "umekuja kuomba radhi?"

"Hapana."

"Basi na mimi siombi. Nyumbu wako alikuja hapa kilema."

"Alikuja mzima, Dada Tolliver, na nitasema hivyo mpaka nizikwe."

"Kama hatujapatana, unatafuta nini shambani kwangu?"

Hosea alikuwa ameshaupitisha mundu, na ngano ya mkupuo wa kwanza ikalala miguuni pake.

"Ngano iliyoiva haingoji suluhu," alisema. "Tuvune kwanza. Tukimaliza tutagombana, tena nitakuja na kiti changu."

 Mahala akawaita binti zake waje kufunga miganda, na yeye mwenyewe akawa anakusanya masuke kwa mkono wa kushoto. Walifanya kazi siku tatu. Siku ya kwanza waliongea habari za kazi tu. Siku ya pili Arminta alileta mkate wa mahindi na maharage, wakala wote chini ya mkokoteni, palipokuwa na kivuli. Siku ya tatu mawingu yalipanda magharibi, meusi yenye ukijani, na nyumbu akavuta mkokoteni wa miganda hadi bandani bila kupumzishwa, mara saba. Mganda wa mwisho uliingia ndani mvua ya mawe ikianza kupiga paa.

Walikaa juu ya miganda wakisikiliza mawe yakiyasaga mabua yaliyobaki shambani. Mahala ndiye aliyeanza.

"Haya, tumevuna. Tugombane."

Hosea alisema ameacha kiti nyumbani. Binti wakacheka. Mahala hakucheka. Alitazama nyumbu, aliyekuwa akila nyasi kwenye kona.

"Alitumbukiza mguu kwenye shimo la panya," alisema. "Siku ya pili ya kulima. Ni kosa langu, niliona mashimo pale nikampitisha. Niliogopa kukwambia, kwa kuwa nilijua huna mwingine."

Hosea aliinuka, akampapasa nyumbu ule mguu.

"Ungeniambia siku ile," alisema, "ningekasirika siku moja tu."

Mahala hakurudi Tennessee. Alizeekea Shiloa, na kila mwaka, mavuno ya Hosea yalipoanza, yeye ndiye aliyetangulia kufika.

Bibi Kezia alitia viazi sufuriani, akawauliza vijana ngano yao imekaa bila kupurwa siku ngapi tangu waanze kubishana. Walisema siku nne. "Basi nendeni mkapure," aliwaambia, "ubishi hauozi. Ngano iliyoiva haingoji suluhu."