Kipepeo wa Njano

Hapo zamani, ila zamani hii simu zilikuwapo na bando lilikuwa likiisha vilevile, palikuwa na muuza vitumbua, Zamoyoni, mjamzito. Mtoto alikuwa amekingama tumboni. Daktari akasema, "Huyu ni wa upasuaji, kabla uchungu haujaanza. Siku ya upasuaji mnaiomba mtandaoni."

Mtandaoni, haya! Wifi yake, Mwanaidi, akashika simu. Fomu ikataka namba ya nyumba. Mtaa wao nyumba hazina namba. Akaacha wazi, "Kuna kosa," ikafuta yote. Akaandika "nyuma ya msikiti". "Kuna kosa," ikafuta yote. Kosa lipi? Haisemi! Mwisho akaandika namba ya mita ya umeme, ikapita. Akafika chini kabisa, pa kutuma hapaoni. Maua matupu.

Mama mkwe, Bi Havijawa, akajifunga kibwebwe, akaenda hadi hospitali. Mapokezi wakamwambia, "Bibi, ingia mtandaoni."

"Ndiko ninakotoka!"

Hakuondoka mpaka akaonyeshwa aliyeitengeneza fomu, binti mmoja, Faudhia.

"Mwanangu, pa kutuma ni wapi?"

"Ubonyeze kipepeo wa njano, bibi. Ni ubunifu."

"Kwenye simu yetu hakuna kipepeo. Mkwe wangu atakufa, wewe unafuga wadudu!"

Faudhia akajaribu kwa simu ya bei ndogo. Kweli, kipepeo hayupo. Akaona haya. Akaketi papo hapo, akaweka kitufe kikubwa, TUMA, na kila kosa likaandikwa pale lilipo, bila kufuta kitu. Mwanaidi akabonyeza. Siku ikapatikana, mtoto wa kike akazaliwa, mama mzima.

Sasa Zamoyoni alikuwa ameweka nadhiri: akijifungua msichana, atampa jina la aliyewaokoa.

Mwanaidi akasema, "Somo yake ni mimi. Nani aliyefutiwa yote na bado akaanza upya?"

Bi Havijawa akasema, "Ungeanza upya mpaka leo. Nani aliyekwenda kugomba?"

Faudhia naye, aliyekuja kumwona mtoto, bila soni akasema, "Kugomba hakutengenezi fomu. Nimetengeneza mimi, na kina mama wengine wanapona."

Balaa lenyewe kaleta nani? Lakini pia, wangapi wakigombezwa hurekebisha siku hiyohiyo?

Nesi amesimama na kalamu, anataka jina, na nafasi ni ya jina moja tu. Haya, mnaojua kuhukumu, msinitazame mimi: mtoto huyu aitwe nani?