Kwa Nini Watu wa Saa-Wan Hutoa S Shavuni

Hapo kale, huko kusini mwa Uchina ambako watu husema Kikantoni, wenyeji wa kijiji cha Saa-Wan walitamka s kwa ncha ya ulimi, kama majirani zao wote.

Kazi yao ilikuwa kusuka mikeka ya matete. Msukaji alibana uchane mmoja, yaani utepe wa tete lililopasuliwa, kati ya meno ya mbele ili usikauke, huku mikono ikisuka mwingine, na desturi ilikuwa kunyamaza mpaka mkeka uishe. Lakini msukaji mmoja, mama aliyeitwa Sau-Kam, alikuwa na mtoto mgongoni. Angenyamazaje? Alimsimulia habari za bata na mawingu, uchane uko menoni, na kila s, ikikosa njia ya mbele, ikapenya pembeni na kutokea shavuni kwa mvumo kama wa chuma cha moto kilichotiwa majini.

Mtoto, Lin, akajifunza kusema vivyo hivyo. Alipotimiza miaka mitatu, watoto wa sokoni wakamwita bata dume kwa mvumo wake. Mama mkwe wa Sau-Kam, Bibi Yuk, akaona haya. Akaamua mjukuu apelekwe mjini kwa shangazi yake, akalelewe penye matamshi safi. Sau-Kam hakuwa mtu wa kubishana. Alifunga nguo za mtoto, akazifungua, akazifunga tena.

Asubuhi ya safari, mikeka ya hekalu ilikuwa bado haijaisha na sikukuu iko mlangoni. Bibi Yuk, aliyeacha kusuka miaka mingi, akaketi kusaidia. Lin akaanza kuchezea matete. Bibi akajisahau, akamkemea na uchane menoni:

"Sogea huko, usisumbue."

S zote zikamtoka shavuni.

Lin akamtazama kwa furaha. "Kumbe Bibi na wewe unasema kama sisi."

Bibi Yuk akataka kukana, mvumo ukatoka tena. Sau-Kam akainama kuficha kicheko, lakini mabega yakamsaliti. Mwishowe bibi mwenyewe akacheka mpaka uchane ukaanguka.

"Mwanangu," akamwambia Sau-Kam, "mtoto haendi popote. Kama hili ni kosa, tutakosea sote."

Akaamuru nyumba nzima iseme hivyo, Lin asiwe peke yake. Majirani nao, kwa kumjua Bibi Yuk, wakaona afadhali watii.

Na tangu siku hiyo watu wa Saa-Wan hutoa s shavuni, hata wasiojua kusuka. Wakichekwa mjini hawakasiriki. Hungoja kicheko kiishe, kisha hutoa s nyingine, ndefu zaidi.