Fisi Msimamizi na Swali la Tumbo

Paukwa!
– Pakawa!
Pakawa nini?
– Pakawa kichanja cha samaki!
Kichanja cha nani?
– Cha wote, asema msimamizi!
Na msimamizi ni nani?
– Fisi!
Basi kaeni vizuri. Waliomteua walikuwa na akili timamu. Ndivyo walivyodai wenyewe.

Ulikuwa mwaka wa kiangazi kirefu. Mto ulipungua, nyasi zikafa, na wanyama wakapatana kuvua kambare na kuwakausha kwa moshi juu ya kichanja kimoja. Aliyefanya kazi alipata fungu, asiyefanya hakupata. Na mwizi wa kichanja, walikubaliana, atatupwa mtoni kwa mamba. Fisi ndiye aliyeipigia sheria hiyo makofi kuliko wote.

Bi Kindi alikuwa mchochea moto. Kuni zililia tatata! Mafuta yalidondoka chwaa! Kila asubuhi aliona samaki wamepungua, na kila asubuhi Fisi alimwambia, "Ni moshi, Bi Kindi. Moshi hupunguza samaki."

Bi Kindi aliutazama moshi. Hakuwahi kuona moshi wenye meno. Lakini alinyamaza, kwa kuwa alikuwa mjane mwenye mimba, na mjane wa namna hiyo akikosa fungu katika kiangazi kama kile, wanaozikwa si mmoja.

Siku moja Fisi akapanda juu ya kisiki. Akakohoa, koho! koho!

"Ndugu wafanyakazi, zama zimebadilika, nasi hatuna budi kubadilika. Kuanzia leo, mwenye mimba hana kazi. Fungu lake litahifadhiwa na msimamizi."

"Litahifadhiwa wapi?" akauliza Bibi Nungunungu, mkunga wa pale.

"Mahali salama."

Wanyama wakatazamana. Mahali hapo walipajua: palikuwa kati ya koo la Fisi na mkia wake.

"Haya, Bi Kindi, sogea. Swali ni nyeti, nami nauliza kwa huruma tu. Una mimba?"

Bi Kindi akayapima maneno. Akisema ndiyo, amekufa. Akisema hapana, tumbo litamsuta kabla mwezi haujaandama. Kwa hiyo hakusema ndiyo, wala hakusema hapana.

"Nitajibu, Bwana Msimamizi. Ila sisi wadogo hatuelewi upesi. Sheria hii ni ya wote?"

"Ya wote! Sina upendeleo."

"Na mwenye mimba atajulikanaje?"

"Kwa tumbo. Tumbo likivimba, ushahidi umetimia."

"Hata mwenyewe akikana?"

"Wote hukana! Akikana, ndiyo mimba hasa."

"Nimeelewa, bwana." Bi Kindi akapiga magoti. "Basi hongera."

"Hongera ya nini?"

"Ya hilo tumbo."

Macho yote yakageuka. Katika mwaka ambao hata kiboko mbavu zake zilihesabika, tumbo la Fisi lilikuwa duara, liking'aa kama mtungi uliopakwa mafuta.

"Upuuzi! Mimi dume!"

"Habari ya udume wa fisi," akasema Bibi Nungunungu, "babu zetu waliibishania hadi wakafa, wala hawakuafikiana."

"Amekana," akasema Bi Kindi kwa upole. "Sote tumesikia."

"Si mimba, nasema!"

"Kama si mimba, bwana, basi kuna kitu kilichoingia humo. Tuambie ni kitu gani."

Huko mtoni mamba mmoja akajigeuza, chubwi!

Fisi akautazama mto. Akakitazama kichanja. Akalitazama tumbo lake kwa chuki, kama mtu aliyesalitiwa na ndugu.

"Ni... mimba," akasema.

Vigelegele vikapasuka. "Basi hana kazi, wala hana fungu!" akapaza sauti Bibi Nungunungu.

"Ngojeni! Sheria ile ilikuwa na kasoro. Naifuta! Mwenye mimba na apumzike, na fungu lake apewe kamili!"

"Na la Bi Kindi pia?"

"Pia! Pia!"

Hivyo ndivyo Fisi alivyozigundua haki za wajawazito. Wapo wanaoshikilia kwamba alikuwa mtetezi wao tangu zamani. Hawajaleta shahidi hata mmoja.

Tena mimba kubwa namna ile, akaeleza mkunga, ina miiko yake. Mwenyewe asikaribie moshi, na kila asubuhi tumbo na nyonga zikandwe. Naye Bibi Nungunungu hukanda kwa mgongo.

"Yalaa!" akalia Fisi.

"Vumilia, mama," akasema Bibi Nungunungu. "Mtoto anacheza."

Mvua iliponyesha, Bi Kindi akajifungua mapacha. Wanyama wakamwendea Fisi, ambaye tumbo lake lilikuwa limenywea kama kiriba kitupu. "Na wako yuko wapi, mama kijacho?"

Fisi akageuka. Akatimka porini, tifu! tifu! tifu! huku ameziinamisha nyonga zake zilizochomwa na miiba, na hadi leo hajaweza kuziinua.

Funzo, watoto wangu: mkubwa akileta mabadiliko, msimuulize lolote. Jibuni upesi, tena kweli tupu, kwa maana hakuna mkubwa aliyewahi kuuliza swali kwa faida yake.

Ngano imetua. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, semeni ni ya jirani.