Mlango wa Semeni

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu, ngano hii ina maji.

Zamani hizo, mababu wa babu zetu hawajaota meno, palikuwa na kijiji chini ya korongo. Kila masika korongo lilijaa maji, likashuka, vuuu! likabeba kuku, vinu, mbuzi. Mwaka mmoja likambeba Semeni, mke wa Mzee Lugome.

Mzee Lugome hakulia mbele za watu. Vuli ilipofika, alitwaa kibuyu cha mtama alichoacha Semeni, akapanda mbegu zote shambani kwake, kando ya korongo. Kisha akawaambia watu, "Tujenge tuta."

Wakachimba udongo wa kichuguu. Wakamwaga, wakakanyaga: tindi, tindi! Wakamwaga tena, wakakanyaga: tindi, tindi! Tuta likasimama. Pembeni, mzee akaacha mlango wa maji, ukielekea shambani kwake. Upande wa pili ulikuwa mchanga mtupu, mlango ungebomoka.

Jirani yake, Msagati, akacheka. "Mzee, umejenga zizi ukasahau kulifunga?"

"Maji hayafungwi, bwana. Hupunguzwa mbio. Yakijaa, yapite hapa."

"Yapite juu ya mtama wa marehemu?"

Mzee akashika jembe, akaenda kuupalilia.

Mtama ukatoa masuke. Watu wakamwonea huruma. Siku alipokwenda msibani kijiji cha pili, wakauziba mlango. Tindi, tindi!

Masika yakaanza. Mvua siku moja, mvua siku ya pili, mvua siku ya tatu. Mzee akarudi mbio. Maji yalibakiza shubiri moja kufika juu ya tuta, na tuta lilikuwa limeanza kutoa jasho.

"Nani kaziba?"

"Sisi, mzee wetu," akasema Msagati. "Tulikuhurumia."

"Basi nihurumieni kwa majembe."

Jembe la kwanza akalipiga mwenyewe. Ku! Ku! Mlango ukafunguka. Maji yakaingia shambani, vuuu! yakalaza mtama wote. Mzee akasimama, akatazama. Hapo ndipo alipolia, mbele za watu, na hakuna aliyemwambia nyamaza.

Tuta likabaki. Kijiji kikabaki.

Mvua ilipokatika, mke wa Msagati akaja na konzi moja ya mtama. "Semeni alinigawia mbegu mwaka juzi," akasema. "Pokea, shemeji."

Tangu hapo, kila masika yakikaribia, watu huzibua mlango ule, na huuita Mlango wa Semeni.

Nanyi mnaosikiliza: kinachojaa kiachieni njia, hata ikipita kwenye mtama wenu.

Ngano yangu naitua hapa. Maji yamekwisha pita.